Ian Curtis: Albamu ilitoka Julai, mwenyewe alishaondoka Mei

Ijumaa ya Julai 18, 1980, maduka ya muziki Uingereza yalianza kuuza albamu ya pili ya bendi ya vijana wanne kutoka Manchester na miji ya jirani. Albamu iliitwa Closer, bendi Joy Division. Jaladani kulikuwa na picha ya kaburi.

Mwimbaji aliyeandika maneno ya nyimbo zote tisa, Ian Curtis, hakuwepo kuiona. Alikuwa amejiua miezi miwili kamili kabla, Mei 18. Alikuwa na miaka 23.

Basi watu wakaisikiliza kama barua ya kuaga, na wengi mpaka leo wanaisikiliza hivyo. Lakini ukifuatilia jinsi ilivyotengenezwa, unakuta habari nyingine ambayo kwangu mimi inauma zaidi. Kijana alikuwa mgonjwa, alikuwa anaimba waziwazi kinachomsumbua, tena mbele ya watu waliompenda, na wote walidhani ni muziki tu.

Kijana wa ofisi ya ajira

Curtis alizaliwa Julai 15, 1956. Alikulia Macclesfield, mji mdogo kusini mwa Manchester uliojulikana zamani kwa viwanda vya hariri. Shuleni alikuwa na akili, akapata nafasi King's School, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitabu, mashairi na rekodi za David Bowie.

Alioa mapema sana. Agosti 1975, yeye akiwa na miaka 19 na Deborah miaka 18, walifunga ndoa. Wakati huo hata bendi hakuwa nayo.

Alifanya kazi duka la rekodi, kisha akaingia serikalini. Mwishowe akawa kwenye ofisi ya ajira ya Macclesfield, kazi yake ikiwa kuwasaidia watu wenye ulemavu wapate ajira. Wengi hawakijui kipande hiki cha maisha yake, kwa sababu picha zake zinamwonyesha kama msanii mwenye huzuni ndani ya koti refu. Lakini asubuhi jamaa alikuwa mtumishi wa umma, anajaza fomu za watu ambao waajiri hawakuwataka.

Mmoja wa waliofika ofisini kwake alikuwa msichana mwenye kifafa. Alikuwa anahangaika kupata kazi. Ikafika siku akaacha kuja, na Curtis alipouliza akaambiwa amefariki, kifafa kimemuua. Habari hiyo ikageuka wimbo, She's Lost Control. Bendi ilikuwa ikiupiga tangu katikati ya 1978.

Shika tarehe hiyo, tutairudia.

Bendi yenyewe

Juni 4, 1976, kundi la Sex Pistols lilipiga kwenye ukumbi mdogo Manchester. Watu walikuwa wachache. Kati yao walikuwepo marafiki wawili waliosoma pamoja Salford, Bernard Sumner na Peter Hook. Kesho yake Hook akaenda kununua gitaa la besi. Hakuwa anajua kulipiga.

Wakaweka tangazo dukani wanatafuta mwimbaji. Curtis akapiga simu. Walikuwa wanamjua kwa sura kutoka kwenye maonyesho, wakampa nafasi bila hata kumsikia akiimba. Mpiga dramu, Stephen Morris, alikuja 1977, naye wa Macclesfield.

Mwanzo walijiita Warsaw. Mapema 1978 wakabadili kuwa Joy Division, jina lililotoka kwenye riwaya kuhusu wanawake waliotumikishwa kingono katika kambi za Wanazi. Jina hilo liliwaletea maneno, na mimi naona lawama nyingine walistahili. Walikuwa vijana wanaotaka kushtua watu.

Panki ilikuwa muziki wa haraka, kelele na hasira. Hawa wakapunguza mwendo. Besi ya Hook ikapanda juu kuimba kama gitaa, gitaa la Sumner likawa la kukwaruza pembeni, na katikati kukabaki nafasi tupu ambamo sauti nzito ya Curtis ilisimama peke yake. Muziki wa namna hii ndio ulioitwa posti-panki.

Albamu ya kwanza, Unknown Pleasures, waliirekodi Stockport, ikatoka Juni 1979 chini ya lebo ndogo ya Factory iliyoongozwa na Tony Wilson, mtangazaji wa televisheni. Prodyuza alikuwa Martin Hannett, mtu mgumu kweli. Alimlazimisha Morris apige kila ngoma peke yake, moja moja, ili sauti zisichanganyike. Sumner na Hook hawakupenda matokeo. Walitaka albamu inayounguruma kama wanavyounguruma jukwaani. Wahakiki ndio walioipenda.

Kifafa kinaingia

Desemba 27, 1978, bendi ilikuwa inarudi kwa gari kutoka London, baada ya onyesho lao la kwanza katika jiji hilo. Njiani Curtis akashikwa. Akatetemeka, akapoteza fahamu, wakakimbilia hospitali. Januari 1979 madaktari wakathibitisha kuwa ni kifafa.

Yaani ugonjwa uleule aliokuwa ameuimba miezi sita nyuma kwa ajili ya mtu mwingine.

Kifafa ni hitilafu ya umeme wa ubongo. Leo dawa ni nyingi na wagonjwa wengi wanaishi vizuri. Mwaka 1979 dawa zilikuwa nzito, na baadhi yake zilijulikana kuharibu usingizi na hali ya moyo. Deborah alieleza baadaye kwamba mumewe alibadilika. Akawa mkimya, mara moja amechangamka, mara amezama.

Alitakiwa alale mapema, apunguze pombe, aepuke uchovu. Sasa hebu tazama ratiba yake. Mchana ofisini. Jioni kwenye gari dogo na vyombo vya muziki mpaka mji mwingine. Usiku jukwaani, chini ya taa. Alfajiri nyumbani. Aliacha kazi ya ofisi nusu ya pili ya 1979 bendi ilipoanza kumlisha, lakini maonyesho nayo yaliongezeka.

Nyumbani napo palikuwa pamoto. Aprili 1979 Deborah alijifungua mtoto wa kike. Miezi michache baadaye Curtis akakutana na Annik Honoré, Mbelgiji aliyekuwa akiishi London, wakapendana. Hakuweza kumwacha, wala hakuweza kuondoka kwa mkewe. Wake na wapenzi hawakukaribishwa sana kwenye safari za bendi, kwa hiyo Deborah alibaki Macclesfield na mtoto, akijua nusu nusu.

Halafu kuna ile densi yake. Curtis alicheza kwa mikono inayozunguka haraka, mwili umekakamaa, macho yametoka. Alianza kucheza hivyo kabla hajagundulika kuwa na kifafa. Baada ya hapo mara nyingine densi iligeuka kifafa chenyewe palepale jukwaani. Watazamaji hawakuweza kutofautisha. Wengine walishangilia.

Wiki mbili za Machi

Machi 18, 1980, bendi iliingia studio ya Britannia Row, Islington, London. Studio hiyo ilikuwa mali ya Pink Floyd, kwa hiyo vijana wa Salford na Macclesfield walikuwa wamepanda daraja. Wakapanga nyumba mbili mtaa wa York Street. Annik naye alikuwa karibu.

Walifanya kazi zaidi usiku, kwa sababu Hannett alipenda usiku. Safari hii hawakugombana naye sana. Walishajua anachotaka, na wenyewe walikuwa wamekua. Sumner alikuwa ameanza kupenda vinanda vya umeme, na utavisikia kwenye albamu yote. Isolation inakimbia juu ya mdundo wa kielektroniki, unaweza hata kuucheza kama husikilizi maneno. The Eternal inakwenda taratibu kama watu wanaotembea nyuma ya jeneza, na piano yake inadondoka tone kwa tone. Decades, ya mwisho, inafunguka mwishoni kama mlango wa kanisa kubwa.

Wimbo wa kwanza, Atrocity Exhibition, una kituko chake. Hook na Sumner walibadilishana vyombo, Hook akashika gitaa, Sumner besi. Hannett akalichakata lile gitaa mpaka likawa mlio wa chuma kinachochanika. Hook alikasirika alipousikia, na miaka mingi baadaye alikuwa bado anaulalamikia. Mimi nadhani Hannett alikuwa sahihi. Wimbo unahusu watu wanaolipa kiingilio kutazama mateso ya wengine, na gitaa tamu lingeuharibu.

Siku moja vijana wengine wanne, kutoka Dublin, walipita studio kumwona Hannett. Walitaka awatengenezee singo. Walijiita U2, na hakuna aliyewajua wakati huo.

Curtis aliimba vizuri kuliko alivyowahi kuimba. Sauti ilikuwa imetulia, imeshuka chini zaidi. Maneno yalihusu aibu, hatia, kuchoka, mtu anayejiona anashindwa na kila kitu alichoahidi. Wenzake walikuwa chumba kimoja naye. Hook na Sumner wamekiri mara nyingi tangu hapo kwamba hawakuyasikiliza. Kila mmoja alikuwa anasikiliza chombo chake. Walijua ni maneno makali, wakaona ni usanii, kwamba Ian anaandika kuhusu watu wengine kama alivyozoea. Hook amesimulia pia kwamba usiku mmoja wakati wa kurekodi Curtis alipotea muda mrefu, wakamkuta chooni hana fahamu. Alishikwa na kifafa na kugonga kichwa kwenye sinki. Alipozinduka, kazi ikaendelea.

Sioni sababu ya kuwageuza kuwa wabaya. Walikuwa na miaka 22, 23, 24. Walipomuuliza kama yuko sawa, alijibu kwamba yuko sawa, na hilo ndilo walilotaka kusikia. Pia hakuna aliyetaka basi lisimame. Meneja wao Rob Gretton hakutaka, Wilson hakutaka, na Curtis mwenyewe huenda ndiye ambaye hakutaka kuliko wote.

Tarehe 30 kazi ikaisha.

Aprili

Wiki iliyofuata hawakupumzika. Walipiga usiku mitatu mfululizo ukumbi wa Moonlight, London. Usiku wa tatu, Aprili 4, walikuwa na maonyesho mawili. Kwanza ukumbi mkubwa wa Rainbow, wakifungua onyesho la The Stranglers, kisha mbio kurudi Moonlight. Pale Rainbow taa za kuwaka na kuzima haraka zikampiga machoni, akaanguka juu ya dramu. Wakambeba. Usiku uleule akapanda jukwaa la pili, akashikwa tena.

Siku tatu baadaye, Aprili 7, alijaribu kujiua. Aliokolewa, akalazwa.

Aprili 8, kesho yake tu, bendi ilikuwa na onyesho Bury. Hawakulifuta. Curtis aliletwa, akaimba nyimbo mbili. Nyingine aliimba Alan Hempsall wa kundi la Crispy Ambulance, aliyeombwa ajaze nafasi. Watazamaji walilipia kumwona Ian. Chupa zikaanza kuruka, taa ikapasuka, ukumbi ukawa vita. Curtis akaonekana nyuma ya jukwaa akilia, akiamini ni kosa lake.

Ukisoma maisha ya mtu huyu, hapa ndipo unapotamani kuingia ndani ya ukurasa na kuzima umeme. Kijana ametoka hospitali jana! Lakini mwaka ule afya ya akili haikuzungumzwa hivi tunavyoizungumza. Mwanaume wa kaskazini mwa Uingereza alijikaza, na wenzake walimsaidia kujikaza.

Maonyesho kadhaa yalifutwa, mengine yakafanyika. Aprili 28 walitengeneza video ya Love Will Tear Us Apart kwenye chumba chao cha mazoezi, wimbo kuhusu ndoa inayovunjika wakati ndoa yake ilikuwa inavunjika kweli. Mei 2 walipiga Chuo Kikuu cha Birmingham. Hilo lilikuwa onyesho lao la mwisho.

Jumapili

Jumatatu ya Mei 19 bendi ilikuwa ipande ndege kwenda Marekani, ziara ya kwanza. Wenzake wanakumbuka alikuwa akicheka, akizungumzia safari. Deborah, ambaye tayari alikuwa ameanza taratibu za talaka, alikumbuka mtu mwingine, aliyeogopa.

Usiku wa Jumamosi Curtis alikwenda nyumba yao ya Barton Street, Macclesfield. Alitazama filamu ya Mjerumani Werner Herzog kwenye televisheni. Deborah alifika, wakazungumza, naye akamwomba asilale pale usiku ule. Asubuhi ya Jumapili aliporudi akamkuta amefariki.

Mei 23 mwili wake ulichomwa na majivu yakawekwa makaburini Macclesfield.

Kaburi jaladani

Factory ikabaki na tatizo ambalo hakuna aliyewahi kulipanga. Jalada la Closer lilikuwa limeshachaguliwa. Mchoraji wao, Peter Saville, aliwaonyesha bendi picha nyeusi na nyeupe za Mfaransa Bernard Pierre Wolff, alizopiga makaburi ya Staglieno, Genova, Italia. Wakaipenda moja, ya kaburi la familia ya Appiani, sanamu za watu wanaoomboleza kumzunguka marehemu. Curtis alikuwepo walipochagua.

Sasa amekufa, na albamu ina kaburi mbele. Watu wangesema wanafanya biashara ya maiti. Kubadilisha nako kungekuwa kuficha kitu ambacho marehemu mwenyewe alikikubali. Wakaliacha.

Singo ilitangulia. Love Will Tear Us Apart ilipanda hadi nafasi ya 13 Uingereza, bendi ambayo haikuwahi kuingia chati ya singo. Closer ilipotoka ikafika nafasi ya 6 kwenye chati ya albamu. Wahakiki wa NME waliiweka juu ya albamu zote za mwaka. Mwaka uliofuata New Zealand, nchi ambayo Curtis hakuwahi kuikanyaga, ikaupeleka Love Will Tear Us Apart nafasi ya kwanza.

Sifa hizo zilikuwa za haki, lakini zilikuja zimefungwa kwenye sanda. Magazeti yaliandika kama vile nyimbo zile ziliandikwa siku za mwisho na mtu aliyeshaamua. Tarehe zinakataa. Atrocity Exhibition na Colony zilikuwa zikipigwa jukwaani tangu nusu ya pili ya 1979. Novemba 26, 1979, bendi ilirekodi nyimbo nne kwa ajili ya kipindi cha John Peel cha redio ya BBC, na kati yake zilikuwemo Colony, Twenty Four Hours na Love Will Tear Us Apart yenyewe. Desemba zikarushwa hewani, nchi nzima ikasikia. Hiyo ni zaidi ya miezi mitano kabla hajafa.

Kwa maana hiyo, kama ni barua, ilishasomwa hadharani muda ulipokuwa bado upo. Curtis alikuwa anafanya kile wanachofanya waandishi wa nyimbo, anachukua kinachomtafuna na kukipa umbo. Kinachoshangaza kwenye Closer ni jinsi ilivyo na nidhamu. Hakuna wimbo unaolia ovyo, na kila kitu kipo mahali pake. Mtu aliyevurugika kiasi kile alikuwa anafika studio, anasimama mbele ya kipaza sauti, na kuimba kwa wakati.

Waliobaki

Walikuwa wamekubaliana zamani kwamba mmoja akiondoka, jina linakufa. Wakatimiza. Sumner, Hook na Morris wakawa New Order, Sumner akalazimika kujifunza kuimba, na Gillian Gilbert akajiunga mwishoni mwa 1980. Mwaka 1983 walitoa Blue Monday, wimbo wa disko wa mashine uliocheza dunia nzima. Ukirudi kusikiliza Isolation baada ya Blue Monday utasikia njia ilianzia wapi.

Deborah aliandika kitabu mwaka 1995, Touching from a Distance. Hakumpaka mumewe rangi ya utakatifu. Alieleza wivu wake, uongo, siku alizobaki peke yake na mtoto. Mwaka 2007 kikatoka kwenye filamu, Control, iliyoongozwa na Anton Corbijn, mpiga picha Mholanzi aliyewapiga picha Joy Division mwishoni mwa 1979 kwenye kituo cha treni ya chini London, migongo imegeuka, Curtis peke yake akitazama nyuma.

Hook sasa anazunguka dunia na bendi yake nyingine akipiga Closer kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa tisa, na maneno anayaimba yeye.

Kule Macclesfield jiwe la kumbukumbu ya Curtis, lililochongwa jina la wimbo wao maarufu, liliibwa Julai 2008. Jiwe jingine likawekwa. Mashabiki huacha hapo maua, kaseti na barua.